Matundu ya Chini ya Ukuta

Nyumba tunayoiita depo, ghala letu la nafaka, ilijengwa ili watu waishi ndani yake. Ukiitazama kwa subira bado utaona: ngazi tatu za mawe, baraza, sebule, vyumba vitatu vya kulala. Matofali yake ni ya kuchoma, mazito. Mlango wa sebule ulipanuliwa ili mbeba gunia apite bila kuinama, na madirisha ya upande wa ziwa yakazibwa kwa matofali. Chumba alichozaliwa mama yangu sasa ni cha maharage. Nimefungua kufuli la mlango wake miaka mingi, na kila asubuhi mkono huwa mzito zaidi.

Nieleze jambo nililochelewa kulielewa, huenda likamfaa mwenye nyumba kama hii. Sakafu yetu ni ya mbao na haigusi udongo. Chini yake pana nafasi, na hewa huingia humo kwa matundu madogo yaliyoachwa chini ya ukuta. Mimi niliyaona kuwa njia za panya. Hapa Uvira, dawa yetu ya kwanza ya panya ni simenti. Niliyaziba yote kwa siku moja, nikalala nimeridhika.

Mvua zilikuja, ziwa likapanda, unyevu ukakwama chini ya mbao. Ndipo mama mmoja wa Luvungi akaja kuchukua mbegu ya mpunga ambayo kikundi chao cha wanawake kiliihifadhi kwetu. Mashamba yalikuwa yamelimwa tayari, na mbegu nyingine hawakuwa nayo. Akatia mkono katika gunia la chini. Lilikuwa la moto kwa unyevu. Alitoka, akazunguka nyumba polepole, akarudi.

“Baba, weye uliziba nyumba pua.”

Nikamweleza habari ya panya.

“Panya angekula gunia moja. Weye umekula ngapi?”

Akachota punje chache kutoka kila gunia, akazifunga mafundo katika kitenge cha zamani, kila gunia na fundo lake kwa mpangilio. Akaniagiza nikiloweshe asubuhi na jioni mpaka atakaporudi, ili tuone zipi zitaota. Siku zile nilinyunyiza maji, kisha nikashika nyundo na tindo kuzibua matundu. Simenti yangu ilikuwa ngumu kuliko tofali, na mara mbili nilivunja tofali lenyewe.

Aliporudi, alifungua mafundo akiwa amekaa ngazini. Punje za magunia ya juu zilikuwa zimeota vizuri. Za magunia manne ya chini hazikuwa na hata mzizi mmoja. Alihesabu mara ya pili, midomo ikicheza bila sauti.

“Yale mane ilikuwa ya wajane wawili wa kikundi yetu; shamba yao itabakia bila mpunga,” akasema. “Miye ndiye nitawaambia.”

Nikamwomba anipeleke nikawaambie mwenyewe. Akapanda pikipiki iliyomleta, akasogea karibu na dereva, akaniachia nafasi nyuma yake.