Ubao wa Katikati

Katika meli iliyobeba wahamiaji kwenda Adelaide, Tamsin alilala mkabala na mshona glavu, mwanamke mkavu kama kuni. Huyo alishiriki kitanda na mjane kutoka mji wa Bodmin, ubao mwembamba ukiwatenga. Kila jioni aliugonga ubao kwa kidole chenye subana, kile kikofia cha chuma cha kushonea.

“Sogeza kiwiko chako, ng'ombe wewe!”

“Kiwiko nacho kinahamia Adelaide!” mjane alijibu, wala hakusogea.

Kisha homa ikamchukua mjane, akazikwa baharini. Msimamizi wa wanawake akaja kuung'oa ubao.

“Sasa utajinyoosha, bibie.”

Mshonaji akaukumbatia ubao kwa mikono miwili. “Uache hapo hapo!”

Jioni ile Tamsin alimwona amejikunyata upande wake uleule. Mshonaji akaugonga ubao mara moja, polepole, kisha akatega sikio.