Bomba Nililosuuza Kwenye Hori

Juzi, dukani Somanda, niliona bomba la kupulizia pamba likining'inia ukutani, na ile harufu kali ya dawa ikanirudisha nyumbani kwetu Nkoma.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja vijijini, na dawa ikawa inauzwa kila duka. Baba alinituma nikasuuze bomba mbali, bondeni. Jua lilikuwa kali, nikalisuuzia hapo nyumbani, kwenye hori la kunyweshea ndama. Maji yalibaki maangavu, nikaamini ni safi.

Alasiri ndama wawili walilala chini wakitokwa na mapovu, wakafa, nzi wakivuma.

"Hii ni kazi ya Mayu Holo tu," alisema baba mdogo. "Jana alipita hapa."

Mayu Holo alikuwa jirani yetu, bibi mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, ambayo watu walisema ni ya kichawi. Baba mdogo akachukua panga. Nilidhani ni la kuchunia ndama.

"Binti, kamwite huyo bibi," baba mdogo aliniambia.

Sikwenda. Niliwaza kwamba, kama kweli ni mchawi, akifika tu atajua ni mimi na kunitaja mbele ya wote.

"Baba, ni mimi. Nilisuuza bomba humo."

Baba aliinama, akanusa hori, akakaa chini. Hakunichapa. Baba mdogo akarudisha panga ndani.

Jioni Mayu Holo alikuja mwenyewe na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kutupa pole ya ndama. Niliyapokea kwa mikono miwili. Baba na baba mdogo walikuwa wanatazama chini.