Hodi Ndani ya Dashibodi

Gari nililonunua lilikuwa limetumika Japani, na kwa miezi miwili ya kwanza sikuwa na la kulalamikia. Kisha AC ikaanza vituko. Nilikuwa natoka nyumbani Levolosi hewa ikiwa baridi ya kuuma vidole, lakini nikifika Tengeru upande wa abiria unapuliza joto kama pumzi ya mgonjwa wa homa, upande wangu ukiendelea na baridi yake. Nikizima gari na kuliwasha tena, inapona. Fundi wa kwanza aliongeza gesi. Wa pili naye akaongeza gesi.

Labda ningeizoea hivyo hivyo kama si mama. Mama analima kahawa na ndizi huko mlimani juu ya Maji ya Chai, na sijawahi kumwona akiogopa kitu. Mchana mmoja nilikuwa namrudisha kutoka kliniki ya macho mjini, manyunyu yanaanguka. Tulipoacha lami tu, nyuma ya dashibodi kukaanza kugonga. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Joto likamjia mama magotini.

“Nani anabisha?” akauliza.

“Ni gari, mama.”

“Gari halibishi hodi.”

Nikazima AC. Vioo tulikuwa tumevifunga kwa ajili ya mvua, na pumzi zetu zikaanza kuvitia ukungu. Ndipo kikatokea kiganja. Kilikuwa chini kabisa, kwenye pembe ya kioo cha mama: kiganja cha mtoto mdogo, vidole vitano vimetanuka. Mama hakuwa amegusa kioo. Mikono yake ilikuwa ndani ya kitenge. Akatoa kidole kimoja akakipitisha juu ya alama ile, na mstari ukabaki. Kiganja kilikuwa upande wetu.

“Amekaa humu muda gani?” akauliza.

“Nani, mama?”

“Huyu anayetaka kushuka.”

Nilicheka. Tulipokaribia nyumbani kwake akaniambia nisimame, atamalizia kwa miguu. Alishuka, na kabla ya kufunga mlango akaushikilia wazi kwa muda, kama unavyomshikilia mlango mtu anayekuja nyuma yako. Kisha akaufunga taratibu, akaenda zake kwenye mvua. Mimi nilirudi mjini vioo vyote wazi, bega limelowa.

Asubuhi nilikwenda Ngarenaro kwa fundi wa AC, mzee wa Kisingasinga aliyeifanya kazi hiyo tangu magari yenye AC yalipokuwa ya kuhesabika mjini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Usiniambie gesi imeisha. Niambie inafanya nini.”

Nikamweleza yote, hata kubisha. Kiganja nikakinyamazia.

Alifunga geji ya kupimia gesi, akasoma, akatikisa kichwa: gesi ilikuwa ya kutosha. Akashika bomba moja chini ya boneti, akaniita nami nilishike. Lilikuwa baridi na limelowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

“Baridi inatengenezwa,” akasema. “Inapotea njiani. Twende huko inakogonga.”

Alikaa kiti cha abiria, kipimajoto amekichomeka kwenye tundu la hewa. Tulipoipita Tengeru namba zikaanza kupanda. Ko, ko, ko. Mzee akainama, akaweka sikio kwenye dashibodi, akafumba macho.

“Hapa. Kuna kimlango kinachochanganya baridi na joto, na kinazungushwa na mota ndogo. Gia yake imevunjika meno. Inajaribu kukifunga, inateleza. Hiyo ndiyo hodi yako.”

Tuliporudi gereji akafungua dashibodi, akanitolea gia ya plastiki isiyozidi kifuniko cha soda, meno matatu hayapo. Akaweka mota nyingine. Tukaenda hadi Maji ya Chai na kurudi, na kipimajoto hakikucheza, kushoto wala kulia.

Hapo ndipo nikamwambia habari ya kiganja. Hakucheka. Alikihemea kioo, kiganja kikatokea.

“Mafuta ya ngozi,” akasema. “Yanakaa kwenye kioo miaka, maji hayayatoi. Nimeviona vingi kwenye magari haya.” Akanipa kitambaa na spiriti. Aliendelea kukitazama kiganja hadi kikafifia. “Ila vingi huwa kwenye vioo vya nyuma. Kitoto kama hiki mbele kilikuwa kinafanya nini?”

Kisha akaenda kunawa mikono.

Nilifuta mara tatu. Nilihemea, nikahemea tena. Kioo kilibaki cheupe, bila kiganja, na niliona haya, kama mtu aliyemfukuza mgeni asiyemjua.

Mama nilimweleza kwa simu: mota, gia, mafuta ya ngozi. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, “Sawa, mwanangu. Mungu ambariki huyo fundi.” Siku hizi anapanda gari kama zamani, na AC inatoa baridi moja mwanzo hadi mwisho wa safari. Ila anakaa nyuma. Nikimwambia njoo mbele, anasema huko nyuma kunamtosha.