Kamera Isiyopiga Hodi

Kila filamu ya anga za juu inapoonyeshwa, shangazi yangu hufuta miwani kwa upindo wa gauni na kuicheka runinga: "Wamefika kwenye nyota, lakini bado wanapigana risasi kama walevi!" Sayansi anaiheshimu, maana aliifundisha shuleni; kinachomkera ni wakubwa kununua mitambo kabla ya kufikiri. Siku fundi wa manispaa alipofunga kamera ya usalama kwenye nguzo ya barabarani, ikitazama dirisha la chumba cha kulala cha shangazi, shangazi alitoka nje mikono kiunoni.

"Nyumba hii ina heshima zake, baba, haichunguliwi. Mgeni hupiga hodi."

"Mama, asiye na hatia hana cha kuficha."

"Vizuri sana. Basi nipe simu yako niwasomee majirani meseji zako."

Fundi akaushika mfuko wake haraka, kisha akapanda ngazi kuigeuza kamera.