Markabu ya Zuhali Ilipouzwa

Naikumbuka Ijumaa moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia hukunja ngumi, wala sijui ngumi hiyo nataka kumpiga nani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mgongo mpana na mdomo mpana zaidi. Nilikuwa nimesimama kwenye pembe ya kichochoro chetu hapa Mji wa Kale, mikono nimeifumbata kifuani, naitazama karamu ya harusi ya jirani yangu ikiharibika. Naitazama kwa makusudi. Na nimefurahi.

Nakusimulia kwa sababu juzi nilikusikia. Ulikuwa umekaa kizingitini na wenzako, simu mikononi, mwapiga kelele ati ile hadithi yenu ya vyombo vya angani imeuzwa, imeingia mikononi mwa kampuni nyengine, na sasa itaharibiwa. Mkamwandikia aliyeiuza matusi humo simuni. Mkamtukana yeye, mkamtia na mama yake. Mlidhani mzee wa mafriji akipita atacheka. Sikucheka. Hayo yamenipata mimi kabla hujazaliwa, tena katikati ya miaka ya tisini, wakati ambapo mtu akitaka kumtukana mwenzake ilimbidi amwendee.

Kwanza ujue nani asema nawe. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Leo nina karakana mbili, mafundi kumi na mmoja chini yangu, na watatu kati yao wana vyeti vyenye mihuri. Friji likiwashinda wenye mihuri, huitwa mimi. Sijisifu, nasema lilivyo. Lakini kusoma hakunifunza mwalimu. Kusoma nilifunzwa na Markabu ya Zuhali.

Hutaipata dukani sasa, usijisumbue. Ilikuwa hadithi ya kijitabu, kurasa kumi na mbili, ikitoka kila Alhamisi. Mwandishi wake ni Bwana Sefu, karani wa bandarini, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa uzi, nyumba yake mlango wa tatu kutoka kwetu. Yeye akipiga taipu, na Bwana Gulamali, mwenye duka la madaftari kule Makadara, akichapisha kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Ukishika nakala mpya, wino wakukaa vidoleni mpaka Jumamosi.

Markabu yenyewe ni chombo kinachopita baina ya nyota. Nahodha wake ni mwanamke, Bi Rukia, mwenye ulimi wa kumnyoa mtu bila maji. Fundi wa mitambo ni Kombo. Mtambo ukikataa, Kombo huutukana kwanza, kisha huubembeleza, kisha ndipo hushika spana. Wafika Zuhali, ile sayari yenye pete, wafika nchi zenye majua mawili, nao bado wateta ni nani aliyemaliza kahawa. Na wasema Kimvita chetu! Watu wa angani, mwanangu, wasema kama mama yako asemavyo na jirani dirishani.

Mwanzoni nilikuwa nikisomewa. Msomaji alikuwa rafiki yangu Athmani, naye alikuwa na tabia mbaya: panaponoga, hufunga kijitabu, akataka anunuliwe kashata ndipo aendelee. Nilichoka na kashata zake. Nikaanza kuzifuata herufi mwenyewe, kidole juu ya karatasi, leo neno la Kombo, kesho neno la Bi Rukia. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nasoma. Na ukitaka kujua ni nani aliyenitia mapenzi ya spana, ni Kombo huyo huyo, mtu asiyekuwako.

Sasa, Bwana Sefu akaiuza. Kampuni moja ya vitabu ya Nairobi ilinunua hadithi, jina, watu wake na nyota zake. Sisi hatukuambiwa. Tulijua siku lilipofika toleo jipya, jalada la rangi, lateleza kama ngozi ya nguru. Nikalifungua. Nahodha ni mwanamume, Kepteni Maiko. Bi Rukia wamemtia jikoni, yuachemsha chai. Kombo hayupo. Hata kumuua hawakumuua! Angekufa tungemlilia. Hayupo tu, kama mtu ambaye hajapata kuzaliwa. Na Kimvita chetu kimesuguliwa mpaka chasomeka kama tangazo la ofisini.

Nilikitupa kijitabu kile chini. Nikakiokota, nikakitupa tena.

"Jikoni!" Athmani alipiga ukelele, sisi wasomaji tisa wa mtaa tumekaa barazani. "Bi Rukia! Aliyemfukuza mfalme wa Mirihi kwa kandambili!"

"Nani huyu Maiko?" mwengine akauliza. "Mama yake nani? Katokea wapi?"

"Katokea Nairobi," nikasema mimi. "Na aliyemfungulia mlango yuakaa pale, mlango wa tatu, yuala na kushiba."

"Nairobi tutaifanya nini, yakhe?"

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," nikajibu. "Tuanze na aliye karibu. Asusiwe."

Nyamaza kidogo nikueleze kususa kulivyokuwa. Mtu akisusiwa, salamu yake haijibiwi na shughuli yake haiendwi, iwe ya heri au ya shari. Wazee walikuwa wakiitumia adhabu hii kwa mtu aliyekula mali ya mayatima, tena baada ya kukaa, kushauriana na kumwita mwenyewe ajitetee. Sisi tuliitumia kwa sababu ya Kombo, na shauri letu halikuzidi kikombe kimoja cha kahawa. Mimi ndimi niliyekuwa mbele. Kusema kweli niliona raha. Mtu wa darasa la tatu, maneno yake yafuatwa!

Jumatano yake, baada ya alasiri, Bwana Sefu akaja barazani. Alikuwa akimuoza binti yake Mwanakheri kwa watu wa Lamu. Kwetu vijana wa mtaa ndio mikono ya harusi. Wao hutandika mikeka, hufunga turubali, hubeba masinia ya pilau, huwanawisha wageni. Hawaombwi, huambiwa siku tu.

"Asalaam alaykum, vijana."

Watu tisa tukatazama chini. Hata Athmani, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa na kitu, aliufunga.

Alingoja. Akaisukuma miwani juu ya pua. "Ijumaa, baada ya sala," akasema polepole. "Kazi yenu mwaijua." Akaenda zake, nasi tukaangua kicheko. Mimi nilicheka kwa sauti zaidi, ili kimfikie.

Basi Ijumaa ikaja. Wageni wametoka msikitini, wamekaa kwenye mikeka, kanzu nyeupe mpaka mwisho wa njia, bwana harusi katikati ya ami zake. Pilau i tayari uani, harufu yafika mpaka nilipo. Hapana wa kuibeba. Turubali lililofungwa na wapishi wawili lina upande mmoja tu, upande wa pili umeinama kama sikio la punda, na jua lawapiga watu wa Lamu utosini. Ikapita robo saa. Ikapita nusu. Wageni wakaanza kutazamana.

Ndipo ami mmoja wa bwana harusi, mzee mwenye ndevu za hina, akauliza bila kupunguza sauti: "Mtaa huu hauna vijana, au mwenye nyumba hii hana watu?"

Hana watu! Mwanangu, kwetu heri utukanwe. Mtu asiyekuwa na watu ni mtu aliyetupwa, na binti yake aingia kwa wakwe kichwa kimeinama.

Mara nikamwona Bwana Sefu atoka uani. Kavaa kanzu ya harusi na joho, kabeba sinia la pilau kwa mikono yake mwenyewe. Baba wa bibi harusi! Mtu ambaye siku ile kazi yake ni kukaa akapewa mkono wa hongera. Mafuta yamtiririka mpaka kwenye mkono wa joho. Miwani imemteremka puani, naye hana mkono wa kuisukumia. Nyuma yake aja Bwana Gulamali, mzee wa miaka sabini, kavua viatu, kabeba sinia la pili. Wakaweka, wakarudi uani, wakatoka tena. Juu dirishani nikamwona Mwanakheri, hina bado mbichi mikononi, amtazama baba yake. Kisha akaniona mimi.

Nikasema moyoni, na iwe. Nikasimama pale pale mpaka sinia la mwisho. Kosa langu ni hilo, usilitafute jengine. Kukasirika halikuwa kosa. Kosa ni kule kusimama.

Wageni walipokuwa wakila, Bwana Gulamali akanijia. Jina lake la Kihindi lisikudanganye, babu yake kazikwa hapa, na Kimvita chake chashinda changu. Mikono yake ilikuwa bado na mafuta, haikupata hata maji.

"Wajua ni nani aliyepoteza zaidi Markabu ilipouzwa?" akaniuliza.

"Sisi wasomaji."

"Mimi! Miaka minane nimeizungusha mashine ile. Kila neno la Kombo limepita chini ya mkono huu. Nimekasirika kukushinda weye, tena mbali."

"Basi mbona wambebea masinia?"

"Kwa sababu walionikasirisha wako Nairobi, na wenye njaa wako hapa."

Nikamtolea ile methali yangu ya fimbo na nyoka. Nilijiona nimempata. Mzee akanitazama, mwanangu, kama mtu atazamavyo friji lililokufa.

"Na Sefu ndiye nyoka? Nairobi ni mbali, nauli yauma, kwa hivyo umempiga jirani. Hiyo siiiti hasira. Huo ni uvivu." Akageuka aende, kisha akarudi. "Na Mwanakheri, je? Yeye alikuuzia nini?"

Swali hilo nikaenda nalo nyumbani, nikalala nalo.

Kesho yake asubuhi nikaenda mlango wa tatu, nikatoa salamu. Bwana Sefu akaijibu yote, kamili, hakunipunguzia hata neno. Hapo ndipo nilipoona aibu yangu ilivyo ndefu. Nikaomba msamaha, akanisamehe. Kisha nikamuuliza kwa nini aliiuza. Nilikuwa nataka kusikia habari ya ugonjwa au msiba, nipate pa kumwonea huruma.

"Niliichoka," akasema.

"Uliichoka?"

"Miaka minane, kila Alhamisi. Weye waisoma nusu saa ukaenda zako. Mimi nala nayo, naoga nayo. Bi Rukia akinijia usingizini hugeukia ukutani. Ni dhambi mtu kuchoka?"

"Na Kombo je, Bwana Sefu?"

Akavua miwani, akaifuta kwa shuka. "La Kombo sikulijua. Nilipolisoma sikula siku ile. Ungekuja ukaniuliza, tungekasirika pamoja."

Sitakudanganya, hasira ilinipanda upya. Nilitaka awe na sababu kubwa, naye ana sababu ya mtu yeyote. Lakini kitu kilikuwa chake, kimetoka kichwani mwake, na kukipenda kwangu hakukunipa hati.

Jumatatu nikapanda basi Mwembe Tayari, nikaenda Nairobi na matoleo yangu ya zamani kwenye mfuko wa sukari. Ndiyo, mimi! Nikaingia ofisi ile, nikasema namtaka mwenye kumtia Bi Rukia jikoni. Akaja kijana mmoja mwenye tai. Nikamwambia yote, neno kwa neno, kwa Kimvita, nusu yake hakuielewa na nusu aliyoielewa haikumpendeza. Nikamsomea Kombo kwa sauti, watu wakatoka vyumbani kusikiliza. Wakanipa chai. Hawakubadilisha hata nukta. Baada ya matoleo matano Markabu ikafa, na mpaka leo nasema walikuwa wajinga wenye rangi nzuri. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Lakini nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, kwa kuwa hasira yangu nilikuwa nimemkabidhi mwenyewe.

Kilichobaki kizito ni chengine. Bwana Sefu alinisamehe mpaka siku yake ya mwisho. Mwanakheri, la. Baada ya miaka mumewe alihamia huku, wakapata nyumba Kizingo. Nyumba zote za njia ile, jokofu likikohoa, huniita mimi. Yake peke yake humwita fundi mwengine, tena fundi dhaifu, nimeona kazi yake. Nimetuma wazee, nimemtuma mke wangu. Jibu ni moja: "Mwambieni nimemsamehe ya kutobeba. Ya kutazama bado." Nami simlaumu. Harusi ile haikuwa na marudio.

Basi shika maneno yangu, mwanangu. Watu husema hasira hasara. Mimi nasema hasara ni kuipeleka nyumba siyo. Ukipenda hadithi, ipende sana, kwani mimi imenifanya mtu. Wakiiharibu, kasirika, usione haya. Lakini uliza kwanza ni nani aliyeiharibu, na umfuate huyo, hata kama yuko mbali, na umwambie kwa jina lako na uso wako. Aliyeandika akichoka, mwambie ahsante, umwache apumzike. Wala usije hata siku moja ukamnyima jirani salamu na mikono yako kwa sababu ya watu wa kwenye karatasi. Hao wa kwenye karatasi hawana karamu ya kuharibiwa.

Sasa wende ukawaambie wenzako walifute tusi lile. Na Mwenyezi Mungu akupe hasira yenye macho, na miguu ya kuifikisha inakostahiki. Akujaalie cha kukipenda mpaka kikutie wazimu. Na siku furaha itakapoingia nyumbani kwako, mlango wako usikose watu. Amin, mwanangu, amin.