Theluji Niliyoiomba Mwenyewe

Juzi mvua ilitunyeshea hapa Njoro kutwa nzima, mwanangu akaanika sweta lake la shule juu ya jiko la mkaa. Niliposikia ile harufu ya sufu iliyolowa ikipata moto, nikamfokea aliondoe haraka. Akanishangaa. "Mama, si sweta tu!" Atajulia wapi? Nyinyi nitawaambia, ila msinicheke.

Nilikuwa darasa la nne, kwetu Marangu, na baba yangu alikuwa mpagazi wa mlimani. Siku moja mwalimu alichora Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ubaoni, akaijaza chaki nyeupe juu, kisha akachukua dasta akaanza kufuta kidogo kidogo. "Theluji inaisha," alisema. "Mkiwa wazee itakuwa hivi." Jamani, lile doa jeusi ubaoni! Nilirudi nyumbani nimekosa raha, hata mtori wa ndizi sikuumaliza. Nikaamua kulishughulikia jambo hili mwenyewe.

Kanisani kwetu asiye na hela alitoa alichonacho: mkungu wa ndizi, chupa ya maziwa, hata kuku. Baada ya ibada vilinadiwa pale nje. Basi Jumapili iliyofuata niliiba yai kwenye kiota cha kuku wa Bibi, nikalipeleka mbele nimelifumbata kwa mikono miwili, nikaomba: Bwana, teremsha theluji, nyingi, ifunike mlima wote. Sikusema iishie wapi. Wala sikukumbuka kwamba kesho yake Baba alikuwa anapanda na wageni.

Alitakiwa arudi Jumamosi. Jumatano asubuhi tuliamka na baridi ambayo sikuwahi kuijua. Masika ndiyo kwanza yalikuwa yanaingia. Ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, mbuzi wakagoma kutoka, na huko juu upepo ukawa unavuma bila kupumua. Bibi, mama yake Baba, alisogelea moto akaanza kuzitaja baridi za zamani, maana alizikumbuka zote, kila moja na ilichochukua. Kulikuwa na ile iliyomwaga mvua ya mawe, mibuni ikabaki fito tupu. Kulikuwa na ile iliyoua ndama zizini kwa baba yake. Na kulikuwa na ile ya mlimani, iliyowakuta wapagazi wamejikunyata nyuma ya jiwe. "Wakaokotwa wamekaa vilevile," alisema, "macho wazi." Mama akamkatiza, "Mama, tafadhali, mtoto anasikia." Mtoto alishasikia.

Alhamisi nilikimbia mpaka kwa mwinjilisti wetu.

"Shikamoo. Naomba yai langu."

"Marahaba. Yai gani tena, binti?"

"La Jumapili. Nimeghairi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia lilishanadiwa, aliyelinunua alishalila, na sadaka hairudishwi. Nilikuwa nimemuua baba yangu kwa yai la wizi, na hapakuwa na namna ya kulitangua ombi lenyewe.

Ijumaa, mnamo saa nne asubuhi, wingu likapasuka. Mlima ulikuwa mweupe mpaka chini kabisa, kule nisikowahi kuona theluji hata siku moja. Barabarani watalii walishuka kwenye gari wakawa wanapiga picha na kushangilia. Mama alikuwa shambani anakata majani ya ng'ombe. Akautazama mlima, kisha akakaa chini palepale kwenye matope, mundu mkononi. Sijawahi kumwona Mama akikaa chini asubuhi. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Jumamosi mchana akaja Elia, kijana aliyekuwa akibeba mizigo pamoja na Baba. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na kiti alichopewa hakukikalia.

"Mama Aika, tumeshuka wote isipokuwa wawili. Mgeni mmoja alipotea kwenye theluji. Baba Aika amerudi kumtafuta."

Mama aliuliza jambo moja tu, amevaa nini. Elia akatazama chini. "Sweta. Koti lililowa, akalivua."

Jumapili, watu wakiwa wanatoka ibadani, Baba akaingia uani ameshikiliwa na wanaume wawili. Mgeni alipatikana, mzima. Vidole vya Baba vilikuwa vyeusi kwenye ncha. Mama alimvua sweta akalitundika juu ya moto, likaanza kutoa mvuke na ile harufu, kisha akamtumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Baba, mtu aliyeng'olewa jino bila kuguna, alilia kwa sauti. Nami nikashindwa kuvumilia, nikaropoka yote: dasta, yai, ombi.

"Ala! Kumbe mwizi wa mayai ni wewe!" Bibi akamaka.

Baba alinitazama machozi yakimtiririka. "Uliomba Jumapili ile?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi tulikuwa wawili. Na mimi niliomba Jumapili hiyohiyo. Theluji ikiisha wageni hawaji, tutakula nini? Kama ni kosa, tumelifanya wote."

Sitasahau jinsi kifua kilivyonifunguka. Vidole viwili vilikatwa, na baada ya miezi michache akarudi mlimani. Mimi nikakua nikiamini kwamba tuliomba pamoja, mimi na baba yangu.

Mwaka tuliomzika Baba, tukiwa jikoni tunamenya ndizi, nilimkumbusha Mama lile ombi. Aliacha kisu.

"Baba yako? Aombe? Jumapili ile hakukanyaga kanisani, alishinda kwa jirani anakunywa pombe ya mbege. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Yule hakuwahi kuomba kitu, Aika, labda chumvi mezani."

Kumbe alinidanganya. Nyama ya vidole inakufa, maumivu yamemliza mbele ya mama yake na mkewe, na bado alipata akili ya kunitungia uongo nipate kulala. Niliweka ndizi chini, nikatoka nje, nikamlilia Baba kuliko nilivyomlilia kaburini.