Namba ya Marehemu

Muuguzi aliyelinda frigo ya chanjo kule Bungulu, Beni, alikufa kwa malaria iliyompanda kichwani. Tulimzika Jumanne. Alhamisi, nikiwa nimerudi kazini Butembo, nilifungua ukurasa wa mipangilio, nikafuta namba yake ya simu na kuandika ya muuguzi aliyechukua nafasi yake. Nilikuwa na uchungu, lakini kazi ni kazi.

Frigo ile ina kipimajoto kinachotuma habari kwenye seva iliyoko Kinshasa. Joto likipanda kupita digri nane, seva inatuma ujumbe kwa namba moja tu, ili mwenye namba akimbie kuwasha jenereta. Mimi nilikuwa mwanamke pekee wa informatique, yaani kazi za kompyuta, kwenye depo yetu ya chanjo, na namba za frigo zote, mpaka za Lubero, zilikuwa juu yangu. Seva yenyewe hatukuruhusiwa kuigusa. Tulipewa ule ukurasa na kifungo cha kuhifadhi, basi.

Nilibonyeza kifungo. Maandishi ya kijani yakatokea: mabadiliko yamehifadhiwa.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, simu yangu ililia. Alikuwa mume wa marehemu, dereva wa lori, mwislamu mpole ambaye nilikuwa nimeonana naye mara moja tu, makaburini.

“Mama, unisamehe,” akasema. “Simu ya bibi yangu ilipata message. Frigo iko na digri kumi. Njo nilikimbia kule, nikaamsha sentinelle wa mlangoni, tukawasha groupe. Sasa inashuka.”

Nilimshukuru, nikamwomba radhi, nikafungua ukurasa. Namba ya marehemu ilikuwa imerudi mahali pake kana kwamba hakuna aliyeigusa.

Nilidhani nimekosea. Nikabadilisha tena, nikahifadhi, nikapiga picha ya maandishi ya kijani. Jioni namba mpya ilikuwepo. Asubuhi haikuwepo. Nilijaribu kwa kompyuta nyingine, nikajaribu kwa simu, nikaenda mpaka kwa rafiki mwenye intaneti nzuri kule Bulengera. Kila mara mabadiliko yalidumu mchana kutwa na kupotea kufika asubuhi. Mwishowe nilifika ofisini alfajiri, nikakaa mbele ya ukurasa nikiupakia upya kila dakika. Saa kumi na mbili na dakika kumi, namba ya marehemu ikarudi machoni pangu.

Hapo nikaelewa. Kule Kinshasa kulikuwa na orodha kuu, na kila alfajiri seva ilichukua orodha ile na kuiweka juu ya vyote tulivyoandika sisi. Kifungo chetu kilikuwa kinahifadhi kwa siku moja, tena kwenye ukurasa tu; ujumbe wenyewe ulifuata orodha yao. Hakuna aliyetuambia.

Niliandika kwa wasimamizi wa seva, kwa Kifaransa safi, nikaambatanisha picha za asubuhi kumi na tisa. Wakajibu nifute historia ya kivinjari changu. Niliandika tena kwamba tatizo liko kwenye orodha yao. Wakajibu kwamba mpangilio wote unafuata kanuni, na kesi imefungwa. Nilipiga simu. Kijana mmoja mwenye sauti ya usingizi aliniuliza kama nina hakika kwamba ninabonyeza kuhifadhi.

“Ninabonyeza kila siku,” nikamwambia.

“Labda ni réseau ya intaneti yenu kule ndani, mama.”

Kule ndani! Ndivyo watu wa Kinshasa wanavyotuita sisi wa mikoani. Nilikata simu nisije nikamtukana.

Wakati huo wote, mume wa marehemu alikuwa ndiye kengele yetu. Simu ya marehemu aliitia chaji kila siku na kutembea nayo. Umeme ukikatika, alinipigia, nami nikampigia muuguzi mpya. Siku moja nilimwuliza kwa nini hatupi tu ile kadi ya simu apumzike.

“Mara ya kwanza ile simu ililia, nilizania ni yeye,” akasema. “Nilijua haiwezekane, mais moyo iliruka. Sasa nimezoea. Na hizi dawa ni za batoto ba batu, mama. Nitazitupa namna gani?”

Niliona aibu kwamba mtu mwenye msiba ndiye aliyekuwa anabeba kosa la watu waliolala vizuri.

Kisha akapata safari ya kwenda Kasindi na lori, simu ile ikiwa mfukoni. Njiani simu hazipati réseau sehemu nyingi. Mchana ule umeme wa Bungulu ulikatika, ujumbe ukaenda kwenye simu iliyokuwa haipatikani, na muuguzi mpya alikuwa kwenye uhamasishaji wa chanjo mtaani bila kujua lolote. Alipofungua frigo kesho yake, chanjo zote zilikuwa zimeharibika. Akina mama waliokuwa wamepanga foleni toka asubuhi na watoto mgongoni wakaambiwa warudi nyumbani. Mmoja wao, alinieleza muuguzi, alikuwa ametembea kutoka shambani kwa mara ya tatu.

Kabla ya wiki kwisha nilipokea demande d'explication, barua ya kunitaka nijieleze: kwa nini sikubadilisha namba ya mtu aliyekufa?

Nilipeleka picha zangu zote kwa daktari mkuu wetu. Alizitazama moja moja, na niliona kwamba ameelewa.

“Unasema kweli,” akasema. “Mais bale ba Kinshasa njo banatupatia frigo. Andika tu ulisahau. Ikwishe.”

“Docteur, sikusahau.”

“Najua. Andika.”

Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Niliandika kwamba nilisahau, nikatia sahihi. Siku mbili baadaye mtu fulani Kinshasa alibadilisha mstari mmoja kwenye orodha kuu, na namba mpya ikashika. Hawakuniandikia. Niligundua mwenyewe asubuhi.

Nilimpigia mume wa marehemu kumwambia kwamba sasa anaweza kuizima ile simu. “Ni vizuri,” akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahi. Yule muuguzi mpya ameshaacha kazi, na namba yake bado iko kwenye orodha kuu. Barua yangu bado iko kwenye faili langu, na mwaka huu waliponinyima cheo, ndiyo waliyoisoma kwa sauti mbele yangu: nilisahau.